Nisiambiwe

Ukikaa ndani ya nyambizi majuma mengi, hujijui kama unanuka. Wote mnanuka sawasawa: dizeli, mafuta ya kukaangia, jasho, soksi. Unatoka juu, upepo wa Cartagena unakupiga usoni, ndipo unajisikia mwenyewe na kutamani kurudi ndani. Wake za mabaharia wetu hawawaruhusu waume zao kuingiza begi sebuleni. Ginés hakuwahi kunikataza. Alikuwa akinikumbatia gatini mbele ya watu wote, ananusa shingo yangu, kisha anatangaza kwa ile sauti yake ya kufundishia udereva, "Karakana imerudi!"

Siku ile hakunikumbatia.

Alikuwa amesimama kando ya gari lake la mafunzo, lile jeupe lenye herufi L juu ya paa, mikono iko mfukoni. Nilimtambua kwa gari, si kwa sura. Macho yetu tukitoka huwa hayaoni mbali. Kule chini kitu cha mbali kuliko vyote ni ukuta wa hatua chache, na macho yanazoea uvivu. Ndiyo maana tunakatazwa kuendesha gari siku za kwanza. Kwa hiyo sikuona kwamba amekonda, wala kwamba hajanyoa. Niliona umbo la mtu ninayempenda, nikatupa begi chini, nikafungua mdomo.

Na mdomo wangu ulikuwa na mzaha tayari, mzaha wetu wa siku zote. Mama yake Ginés, Bi Remedios, hakutaka niolewe na mwanawe. Sababu yake ilikuwa moja na aliieneza mtaa mzima: eti nalala kitanda kimoja na wanaume wawili. Na kwa namna yake ni kweli. Nyambizi yetu, Jaloque, ina watu wengi kuliko vitanda. Mmoja akienda zamu, mwingine anakuja kulala na kukuta godoro bado lina joto. Kila mtu ana mfuko wake wa kulalia na hatukutani humo hata siku moja. Nilimweleza Bi Remedios hayo mezani kwake, mbele ya sahani ya wali wa samaki. Akafuta mdomo taratibu, akanijibu, "Kwa hiyo ni kwa zamu. Afadhali umekiri." Tangu hapo tukawa tunatukanana kwa adabu kila Jumapili, na nadhani wote wawili tulikuwa tunaingoja Jumapili kwa hamu.

"Haya, bi mkubwa hajambo?" nikapaza sauti. "Bado anawahesabia majirani wanaume wa kitandani mwangu? Mwambie safari hii wameongezeka!"

Nyuma yangu Cosme, mpishi wetu, aliangua kicheko. Ginés hakucheka. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu usoni pangu na kukikosa, kisha akainama akaokota begi langu.

"Panda gari, Flori."

Nikapanda. Yeye akakaa kwenye usukani, mimi nikakaa kiti cha mwalimu, kile chenye kanyagio za pili chini ya miguu. Nilidhani amegombana na mwanafunzi. Ginés hugombana na wanafunzi wake wote, halafu wakifaulu analia kuliko wao. Nikaona nimchangamshe.

"Ule ujumbe wa mlimao niliulalia chini ya mto," nikasema. "Eti umechanua mpaka majirani wanafungua madirisha wanuse! Niliwasomea wenzangu, wakasema wanataka mbegu."

Akabadilisha gia.

Niseme jambo moja hapa, la sivyo hamtanielewa. Sisi hupata ujumbe mmoja kwa juma kutoka nyumbani, mistari michache tu, unapitia ofisi ya nchi kavu kwanza. Hatujibu. Nyambizi inayotuma neno ni nyambizi inayotangaza iko wapi, na kazi yetu nzima ni kutokuwa popote. Kwa hiyo tunapokea tu, tunasoma mistari hiyo mpaka karatasi inalegea, tunaazimana. Ginés alikuwa mwandishi bora kuliko wapenzi wote wa Jaloque. Wenzangu walikuwa wanauliza Jumatatu asubuhi, "Haya, mwalimu wa udereva anasemaje?"

"Na ule wa bi mkubwa kuunguza sufuria ya wali akakusingizia wewe!" nikaendelea. "Huo ulitaka kunifukuzisha kazi. Ulinijia tukiwa kwenye kimya, viatu tumevua, jikoni hakuna kukaanga, hata kijiko hakiangushwi. Juu yetu kuna meli kubwa ya kivita inatutafuta, tunapita chini yake na haina habari. Nami naanza kucheka! Kamanda akatuma mtu aje aniambie nimeze kicheko au nimeze taulo."

"Unaongea sana leo."

"Nimenong'ona majuma mangapi? Niache niongee."

"Flori."

"Eeh?"

"Mama amekufa."

Mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe. Gari likasimama katikati ya barabara, begi likaruka kutoka kiti cha nyuma likanigonga kisogoni. Gari la mikate lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu.

"Lini?" nikauliza.

"Juma lile la wali."

Sikuelewa. Nakwambieni kweli, nilikuwa bado naona ile sufuria iliyoungua. "Kwani hakupika?"

"Alikuwa ndani ya jeneza, Flori. Atapikaje?"

Honi tena. Mtu wa mikate akatoa kichwa dirishani. "We! Kama mwalimu mwenyewe ndiye huyu, hao wanafunzi Mungu awasaidie!"

Ginés akawasha taa za hatari. Hakumjibu. Ginés asiyemjibu mtu barabarani, hapo ndipo niliposadiki kwamba Bi Remedios amekufa.

"Sikujua," nikasema.

"Najua hukujua. Ulitaka usijue."

*

Alinipeleka nyumbani kwao Santa Lucía, si kwangu. Tulipanda ngazi mpaka juu ya nyumba, pale alipopenda kukaa bi mkubwa akiwachungulia majirani. Kiti chake kilikuwepo. Mlimao ulikuwepo kwenye pipa lake, na nilipouona nikajua nimedanganywa kwa kila mstari. Haukuwa na ua hata moja. Majani yalikuwa yamejikunja, matawi ya upande mmoja yamekauka kabisa.

"Hujaumwagilia," nikasema.

"Tangu alipolazwa. Sikuwa na hamu."

"Na ukaniandikia umechanua."

"Ulitaka niandike nini?" Sauti ya Ginés ilianza kupanda, na mimi niliyezoea minong'ono nikajikuta narudi nyuma. "Siku ya kwanza niliandika ukweli. Niliandika: mama amelazwa, moyo, madaktari hawana matumaini, nakuhitaji. Kesho yake ofisi wakanipigia. Mama mmoja mpole sana. Akasema, samahani bwana, huyu wako alijibu asiambiwe, hatuwezi kupitisha haya, tafadhali andika jambo jepesi. Nikamwuliza, alijibu nini? Akasema, nisiambiwe. Neno hilo hilo."

Sikuweza kukana. Kabla hatujafunga mlango wa juu, kamanda humwita kila mtu chumbani kwake, mmoja mmoja, na kumwuliza swali moja: kukitokea msiba nyumbani, uambiwe au usiambiwe? Unajibu kwa neno moja, haulizwi sababu. Nyambizi hairudi bandarini kwa ajili ya msiba wa mtu mmoja. Ukiambiwa, unakaa nao humo humo, chini ya mita mia mbili za maji, hadi siku ya kurudi. Mimi kila safari nilijibu neno lile lile, natoka, namwita anayefuata. Sikuwahi kufikiri kwamba neno lile lina upande wa pili, na kwamba upande wa pili kuna mtu anapokea simu.

"Ginés, nisikilize. Unamkumbuka Anselmo?"

"Sitaki habari za Anselmo."

"Utazisikia. Anselmo alisema aambiwe. Babake akafa. Alilala kando ya torpedo zake, yale makombora ya majini anayoyatunza, ameuelekea ukuta, hali, hasemi. Siku moja tuko kwenye kimya, akaangusha spana. Spana moja tu! Meli ya juu ikatusikia ikatugeukia. Yalikuwa mazoezi, bahati yetu. Ingekuwa vita, usingekuwa na mtu wa kumgombeza hapa."

"Wewe si mtu wa torpedo."

"Mimi ni mbaya zaidi. Mimi ndiye masikio. Kule hakuna dirisha, hakuna taa ya mbele, hatuoni kitu. Watu zaidi ya thelathini wanakwenda gizani kwa kile ninachosikia mimi na wenzangu wawili. Mtu anayelia hasikii, Ginés. Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine."

Akacheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Masikio! Wewe unasikia meli ambayo hata haijaonekana, ukasema ni ya mizigo, ukasema pangaboi lake la kusukuma maji lina mabawa mangapi. Unasikia kamba wakitafuna. Mimi umenisikia?"

"Ulikuwa maandishi. Maandishi hayana sauti."

"Flori, mimi nimewahi kukuambia habari za maua? Hata mara moja? Mlimao huu siupendi tangu utotoni, ulikuwa unanichoma miiba kila nikitumwa limau. Nikuandikie harufu ya maua, madirisha, majirani? Ungesimama ukajiuliza, huyu ana nini? Hukujiuliza. Uliwasomea wenzako mkataka mbegu."

Hilo liliniingia. Nilikaa chini, kwenye sakafu, kwa kuwa kiti kilichokuwepo kilikuwa cha marehemu.

"Siku ya mazishi ilikuwa ndiyo siku ya kupeleka ujumbe," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nimevaa suti. Shangazi zangu wanalia chumba cha pili. Nikakaa jikoni kwake na kalamu, nikaanza kutunga kwamba ameunguza wali. Nikaona ile sufuria pale ukutani, safi, inang'aa. Hakuwahi kuunguza chakula maisha yake yote. Nilimsingizia mama yangu siku tuliyomzika, ili wewe uweze kucheka. Na ulicheka. Ulimeza taulo."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Unajua na yeye nilimdanganya? Kila siku anauliza, yule wa chini ya maji amejua kwamba naumwa? Namwambia amejua. Anasema nini? Natunga. Nikamwambia, anasema ukipona atakupeleka ukakione kile kitanda." Akafuta pua kwa kiganja. "Alicheka mpaka nesi akaja. Akasema, mwambie aje haraka nimgombeze, hapa wote wananionea huruma, hakuna hata mmoja wa kunijibu."

Sikulia. Nasema hivyo bila kujisifu. Nilitamani kulia, lakini nilikuwa nimetoka kwenye majuma ya kubana kila sauti na mwili haukujua kwamba tumeshafika nchi kavu. Nilikaa tu pale nikisikia maji yakishuka kwenye bomba la jirani.

"Mazishi yalikuwaje?" nikauliza.

"Wewe huwezi kuniuliza hivyo. Bado." Akaenda akasimama kwenye ukingo, akanipa mgongo. "Shangazi zangu waliuliza mchumba yuko wapi. Nikasema kazini. Wakasema, basi mwanamke huyo mama yako alimjua vizuri."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema mnamwonea. Nilikutetea, Flori. Halafu unashuka gatini unauliza wanaume wa kitandani."

"Sikujua!"

"Ndiyo. Hapo ndipo tulipoanzia." Akageuka. "Mimi siwezi kuwa mume wa mtu ninayemchagulia habari. Nikiugua nikuandikie nimenenepa? Mtoto akivunjika mguu nikuandikie anacheza mpira? Nitakuwa nimeoa mtu, halafu kila shida naizika peke yangu na kuitungia hadithi. Sasa niambie. Safari ijayo kamanda akikuuliza, utajibu nini?"

Na hapa, enyi mnaosoma, ndipo mwanamke mwenye akili angesema, nitajibu niambiwe, mpenzi wangu, akakumbatiwa. Mimi nilifikiria spana ya Anselmo. Nilifikiria Cosme na binti zake mapacha, na Kamanda Ballester anayepiga mswaki kwa kikombe kimoja cha maji ili sisi tupate cha kupikia. Nikawaza mimi niko kwenye hedifoni na macho yamejaa.

"Sijui," nikasema.

"Ahaa."

"Ningekudanganya ungefurahi?"

"Hapana," akasema. "Nimechoka na uongo. Nitakuitia teksi."

Wakati akipiga simu, nilichukua mkasi wa Bi Remedios kwenye ndoano yake, nikakata matawi yaliyokauka, nikamwaga ndoo mbili za maji kwenye pipa. Aliniona. Hakusema acha, wala hakusema asante.

*

Majuma yaliyofuata hakupokea simu zangu. Nilimwona mara moja kwenye mzunguko wa barabara, yuko kando ya msichana aliyeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, anamfokea kwa upole kama kawaida yake. Aliniona. Akainua vidole viwili kutoka kwenye goti lake, akavishusha. Basi. Nilikwenda na ishara hiyo wiki nzima, nikiipima kama ni salamu au ni kumfukuza nzi.

Makaburini nilikwenda peke yangu. Nikasimama pale na maua ya duka, nikamwambia Bi Remedios kwamba wanaume hawajaongezeka, bado ni wawili, na mmoja anakoroma. Jibu ambalo angenipa nililijua, lakini kulijua hakukutosha. Nikaenda zangu.

Kisha siku ya kuondoka ikafika. Gatini walikuja mabibi, watoto, mbwa wa Cosme. Gari jeupe lenye herufi L halikuwepo. Niliangalia mpaka nikaitwa.

Chumba cha Ballester ni kama kabati la nguo lenye meza. Alikuwa ameketi na kalamu, uso haukuonyesha kitu. Anapouliza swali lile hawatazami watu machoni, kwa heshima.

"Florentina. Uambiwe au usiambiwe?"

Kwa kawaida nilijibu kabla hajamaliza. Safari hii nilinyamaza, akalazimika kuinua kichwa.

"Niambiwe, mkuu."

Akaiweka kalamu. "Una hakika? Wewe ndiye masikio yangu."

"Nina hakika. Na naogopa."

"Vyote viwili ni sawa," akasema. "Mwite anayefuata."

Ginés sikumwambia. Angedhani namnunua, na pengine ningekuwa kweli namnunua. Tulifunga mlango wa juu, tukapita mnara wa taa, tukazama.

Juma la kwanza wenzangu walipata ujumbe wao, mimi sikupata. Juma la pili pia. Jumatatu asubuhi hakuna aliyeuliza mwalimu wa udereva anasemaje, na huruma ile ya watu kujifanya wanatafuta sukari iliniuma kuliko maswali. Nilikaa kwenye hedifoni. Nilisikia pomboo, nilisikia feri ya Waaljeria, nilisikia wavuvi wakivuta nyavu. Nikatoka zamu nikaingia kwenye godoro lenye joto la mtu mwingine, nikawaza kwamba mwanamume yule ameshanizika na hakuna haja ya kunitungia hadithi.

Juma la tatu tulikuwa kwenye kimya. Tumevua viatu, tunakula mkate na jibini baridi. Baharia mmoja akanigusa bega, akaninong'oneza sikioni, "Kamanda anakuita chumbani."

Habari njema kwetu huletwa na yeyote, hutupiwa tu kitandani. Habari mbaya hutolewa na kamanda mwenyewe, mlango umefungwa, na mpishi huleta kahawa iliyotiwa konyaki. Nilipita ile njia nyembamba nikiwa na soksi tu, na kila niliyempita alijibana ukutani na kutazama chini. Walishajua naitwa. Cosme alikuwa jikoni, ameshika chupa ya konyaki. Nilipoiona ile chupa nikajua ni Ginés. Ile barabara kuu ya kwenda Murcia, mwanafunzi kwenye usukani, lori linakuja. Niliona yote. Nikasema moyoni, umeyataka mwenyewe, uliambiwa uchague ukachagua.

Ballester alifunga mlango nyuma yangu.

"Kaa."

"Nitasimama, mkuu. Ni yeye?"

"Keti, Florentina." Aliikunjua karatasi, akaitazama, akaikunja tena. "Ofisi wamebishana siku nzima kama hii ni msiba au si msiba. Mwisho wakaona ina neno 'umekufa', wakaiweka kwenye misiba. Nami sina budi kuitoa kwa utaratibu wake."

Akasoma kwa kunong'ona, kwa kuwa tulikuwa kwenye kimya, sauti ile ile ambayo hutumia kusomea amri:

"'Mlimao wa mama umekufa. Nimeukata leo na nimelia kama mjinga. Sijamaliza kukukasirikia. Wakinipigia simu kunikataza nisikuandikie haya, nitajua ulijibu nini. Wasiponipigia, nitakuja gatini na gari. Ginés.'"

Akaikunja kwa uangalifu, akanipa.

"Sasa naomba unisaidie," akasema. "Huu mlimao ni... jamaa yako wa karibu?"

"Ni wa mama mkwe, mkuu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akiwa hai asingenikubalia, wala mimi nisingempa raha hiyo.

"Na mama mkwe mwenyewe anaendeleaje?"

"Alikufa. Safari iliyopita."

Habari ile ilikuwa haijafika hata kwake. Ballester alivua kofia yake, taratibu, akaiweka mezani.

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nimesema nisiambiwe. Nikaona na watu wasiambiwe."

"Pole sana, binti," akasema. "Tangu lini hujapewa pole?"

Nikafikiria. Hakuna aliyewahi kunipa. Ginés alipewa, shangazi zake walipewa, lakini mimi nilikuwa yule asiyejua. Mlango ukafunguka kidogo, Cosme akapitisha kikombe, na akaninong'oneza bila kujua nimefiwa na nani, "Pole, mwanangu. Pole sana." Nyuma yake njia nzima ilikuwa na watu wa soksi, wananyoosha shingo, na mmoja baada ya mwingine wakanipa pole kwa midomo isiyotoa sauti.

Niliinywa kahawa yote. Nikaingiza mdomo kwenye mkono wa sweta, nikamlilia Bi Remedios kimyakimya mpaka zamu yangu ikafika, nikalia kwa ajili ya Jumapili zetu, na katikati ya kilio nikawa nacheka kwa sababu ya mlimao. Kamanda alijifanya anasoma ramani. Aliponiuliza kama nahitaji kupumzika, nilitikisa kichwa.

Nikaenda nikakaa mahali pangu na macho yangu mekundu, nikavaa hedifoni. Mbali, upande wa kaskazini, kulikuwa na meli ya mizigo ikielekea bandarini, pangaboi moja, mabawa matano. Niliisikia vizuri kabisa.